Hesabu za Mteremko wa Riat

Daftari la hesabu zangu ni la Kageha, darasa la nne.
Kurasa za mbele ni zake, za nyuma kaniazima.
Kwake: Mama anapika. Mama alipika. Mama atapika.
Kwangu: Baiskeli, elfu tisa na mia tano.
Pedali, mara tatu, mia saba na hamsini.
Mnyororo, mia sita.
Spoki kumi na nne, nilizozihesabu kwa kidole
kama anayehesabu meno yaliyombakia babu.
Kuchomelea fremu, mara mbili.
Tairi mbili. Tyubu, sikumbuki.
Na ile asubuhi ya Kiboswa keria ilipokatika,
lita thelathini na nane zikashika mtaro,
mbwa watatu wakabarikiwa.

Kisumu mjini, kwa Raval, imesimama nyingine.
Nyeusi, nzito, haina maneno.
Ukilizungusha gurudumu lake
linazunguka mpaka usahau ulikuja kuuliza nini.
Elfu ishirini na nne.
"Rahisi ghali, bwana maziwa," Raval aliniambia,
akaipangusa kiti kama anampangusa mtoto pua.

Methali hiyo naijua.
Nashuku aliyeitunga
alikuwa na bei ya ghali mfukoni.
Maana nimejumlisha, nikajumlisha tena:
yangu hii, pamoja na maradhi yake yote,
pamoja na kifungua kinywa cha mbwa,
haijafika elfu kumi na sita.
Nani muongo hapo?

Vihenda alisema, akigeuza ugali:
"Elfu ishirini na nne ni ndama.
Ndama hukua. Baiskeli ilikua lini?"
Nikatafuta jibu hadi ugali ukapoa.

Na Amugune je? Aliinunua ileile,
akaiendesha kanisani Mahanga polepole kama bwana harusi.
Mwezi wa pili, Kondele, aliinama kuokota chenji;
alipoinuka, kufuli ipo, imekatwa vizuri, imelala.
Yangu huegemea ukuta kutwa nzima.
Hata mwizi ana macho.

Lakini daftari halina safu ya Riat.

Saa kumi na moja alfajiri, lami ina umande,
taa za mji ziko chini kabisa, mbali, kama za watu wengine.
Madumu mawili nyuma yananisukuma
kama wenye deni.
Nabana breki: mpira unasema ndiyo,
rimu inasema bado.
Nashusha mguu, ndala ya tairi inalamba lami,
nasikia harufu yake ikiungua.
Hiyo ndiyo breki yangu ya tatu.
Ndala nazo sikuziandika.
Wala lile lori la mchanga
lililonipa nafasi ya kiganja,
wala jina nililoliita, ambalo halikuwa la Mungu,
lilikuwa la Kageha.

Odindo, fundi wa Mamboleo, alinisikiliza
gololi sita zikiwa mdomoni mwake.
Akazitema moja moja kwenye kifuniko cha Kimbo.
"Kupanda, zote ni sawa," akasema,
"maana wewe kupanda unasukuma kwa mguu.
Baiskeli yako ni ya kushuka.
Nunua pale roho yako inapokaa,
pengine pote paache palie."

Basi fremu ni ileile, na makovu yake mawili.
Rimu ya nyuma ni mpya, ya chuma cha maana,
na breki ambazo Odindo alizifunga
huku akinikataza kuongea.
Elfu tano na mia mbili.
Ndama amebaki robo tatu yake, Vihenda amenuna robo.

Leo nimeshuka Riat miguu yote miwili juu ya pedali.
Ya kushoto inalia kama kifaranga.
Maziwa hayakutingishika hata povu.

Jioni nikafungua daftari, ukurasa wa nyuma.
Kageha akachungulia begani:
"Baba, hizi breki niziweke wapi,
kwa pesa zilizopotea au kwa zilizobaki?"

Nikamwambia aandike kwa penseli.